Plasta ya saruji inapodondoka katika nyumba ya chokaa: jibu kwa msomaji wa Mkomani

Swali: Mimi na mume wangu tumerithi nyumba ya mawe ya marehemu bibi yangu hapa Mkomani, Lamu. Ni ya chini na juu, na mara ya mwisho kufanyiwa kazi ya maana ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuta za chini zilipopigwa plasta ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta. Sasa plasta inadondoka kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua, rangi inafura malengelenge, na kila asubuhi ninafagia unga mweupe chini ya ukuta. Juu, boriti tatu za msana (chumba kirefu chembamba kinachoelekea ua wa ndani) zimebonyea, na moja ukiigusa kwa kisu mwisho wake unamomonyoka kama biskuti. Tungependa kazi hii tuifanye wenyewe siku za mapumziko, kwa kuwa fedha si nyingi na mikono tunayo. Mume wangu anataka tubandue plasta, tupige nyingine ya saruji iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, kisha tubandike vigae hadi kiunoni. Mimi ninaona tubandue tuache mawe wazi, kama nilivyoona katika nyumba za wageni. Tumekwisha kununua tangi la lita 1,000 la kuweka darini. Nani kati yetu yuko sahihi, tuanzie wapi, je, tunahitaji ruhusa, na birika la zamani (hodhi la maji) lililo chooni tulivunje?

Jibu: Dada yangu, akifuatwa mumeo ukuta huo utaharibika kwa kificho, na ukifuatwa wewe utaharibika kwa dhahiri. Vigae viacheni dukani, tangi msilipandishe, na kwa wiki kadhaa za mwanzo msiguse ukuta wowote ila kwa kuuchunguza. Plasta inadondoka kwa sababu nyuma yake mna maji yaliyoingia na kukosa pa kutokea, na hadi ijulikane maji hayo yanatoka wapi, chochote mtakachokibandika juu yake kitafuata njia ile ile.

Nyumba za mawe za Mkomani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na mchanga, ukuta ukiwa na unene wa takriban nusu mita. Tumbawe lina matundu matundu, chokaa nayo ina vinyweleo, na kwa hiyo ukuta mzima hunywa maji na kuyatoa kama unavyofanya mtungi wa udongo uliowekwa kivulini. Waliojenga hawakujishughulisha kuuzuia ukuta usinywe. Walihakikisha kwamba unachokinywa kutoka ardhini au katika mvua unakitoa kwa upepo, na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi, pamoja na misana inayokielekea vilikuwa na kazi hiyo miongoni mwa kazi zake nyingine. Saruji ya kisasa ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake na haipitishi mvuke kwa urahisi. Ikipigwa juu ya ukuta wa namna hiyo, maji yaliyokuwa yakitokea usawa wa goti hukosa njia, hupanda hadi yapate upenyo, na yanapopanda hubeba chumvi: chumvi ya ardhi iliyo jirani na bahari, chumvi ya mchanga wa ufukweni uliotumiwa bila kuoshwa, na ile inayotoka katika mashimo ya choo yaliyochimbwa kando ya kuta zamani sana. Maji yanapofika karibu na uso wa ukuta hukauka, chumvi hubaki na kugeuka fuwele, na fuwele zikikua ndani ya tundu dogo hulipasua jiwe kutoka ndani. Unga mweupe unaoufagia kila asubuhi ni chumvi hiyo pamoja na vumbi la plasta na la tumbawe. Kwa maneno mengine, unaufagia ukuta wenyewe, ufagio mmoja baada ya mwingine.

Dawa ya kuzuia maji anayoipendekeza mumeo huzidisha kasoro hiyo hiyo, na vigae huikamilisha, kwa kuwa uso wake wa kung'aa haupitishi chochote. Ninayasema haya si kwa kumcheka, maana nimepita njia hiyo. Miaka mingi iliyopita niliupiga saruji ukuta wa chumba cha mama yangu kwa mikono yangu, nikaulainisha hadi ukang'aa, mama akaniombea dua. Masika ya kwanza yalipita salama. Masika ya pili alama ya unyevu ilikuwa imetoka usawa wa goti na kufika juu ya kichwa cha kitanda, na upande wa pili wa ukuta, ambao haukuwahi kuwa na dosari, ulianza kutoa unga. Ilinichukua muda mrefu kuibandua kazi yangu mwenyewe kuliko nilivyotumia kuipiga.

Kuhusu mawe wazi, ninaelewa kinachokuvutia, kwa sababu mawe hayo ni mazuri kuyatazama. Hata hivyo, mengi ya mawe yaliyo ndani ya ukuta hayakuwekwa ili yaonekane. Fundi aliyapanga akijua yatafunikwa, akajaza nafasi kwa vipande vidogo na chokaa nyingi, na chokaa hiyo ikiachwa wazi humwagika taratibu, huacha mashimo ya kulalia wadudu, na vumbi lake huingia katika kila kitu mnachokila. Plasta ya chokaa ni ngozi ya ukuta: huufanya utoe unyevu kwa usawa, na chumvi ikija hukaa katika ngozi hiyo badala ya kula jiwe. Ngozi ikichakaa baada ya miaka hubanduliwa ikapigwa nyingine, na jiwe hubaki zima. Nyumba za wageni ulizoziona zina watu wa kuzikarabati kila msimu, gharama ambayo nyinyi mnaikimbia.

Basi tuanze na maji. Katika nyumba kama yenu washukiwa huwa wanne, na mara nyingi wanashirikiana. Wa kwanza ni sakafu ya paa: nyufa zake, mahali paa linapokutana na ukuta wa ukingo, na mlizamu unaomwaga maji. Mlizamu uliovunjika au uliofupishwa humwaga maji ukutani badala ya kuyatupa njiani, na nimekuta nyumba ambayo ugonjwa wake wote ulikuwa kipande cha mlizamu kisichozidi urefu wa mkono. Wa pili ni choo na birika. Wa tatu ni njia iliyo nje. Njia za mji wetu zimeinuliwa mara kwa mara kwa mawe na zege, hata baadhi ya nyumba ambazo zamani ulipanda ngazi kuziingia leo unashuka, na mahali njia ilipoinuliwa mtaro hukaa juu ya usawa wa sakafu yenu ya ndani na kuunywesha ukuta usiku na mchana. Wa nne ni ardhi yenyewe, ambayo hamwezi kuiondoa, lakini ikibaki peke yake ukuta wa chokaa huimudu.

Chunguzeni hivi. Chukueni vipande vya karatasi ya alumini ya kufungia chakula, kila kimoja ukubwa wa sahani, vibandikeni kwa selotepu pande zote nne juu ya ukuta mkavu kiasi, kimoja chini, kimoja kiunoni, kimoja juu ya kichwa, mviache kwa siku moja au mbili. Umande ukikaa upande wa nje unaoutazama, unyevu unatoka hewani, pengine kwa mvuke wa kupikia au madirisha yasiyofunguliwa. Ukikaa upande wa ndani ulioelekea ukuta, maji yako ukutani. Kisha pigeni mstari wa penseli mahali unyevu unapoishia, mwandike tarehe, na mrudie kila mwezi. Mstari unaoruka juu siku mbili baada ya mvua unaonyesha paa au mlizamu. Usiosogea mwaka mzima unaonyesha ardhi. Na unaopanda jua likiwaka, wakati hakuna mvua, utazameni pamoja na bomba na birika. Mvua kubwa ikinyesha, mmoja wenu apande juu na mwingine abaki chini na taa ya mkononi. Dakika ishirini za namna hiyo zitawafundisha zaidi ya barua yangu.

Mtakapojua chanzo na kukiziba, ndipo mbandue. Gongeni ukuta kwa vifundo vya vidole: penye mlio wa mtungi mtupu plasta imekwisha kuachana na jiwe, na hapo hutoka kwa urahisi. Tumieni tindo na nyundo ndogo, mkiingiza tindo kwa kulaza, kutoka ukingoni kuelekea ndani, wala msikubali kukodishiwa mashine ya kutoboa zege, kwa sababu mtikisiko wake hulegeza mawe yasiyohusika na huangusha zidaka (vishubaka vya ukutani) za chumba cha pili. Bandueni hadi takriban nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Mkikuta sehemu saruji imeshika jiwe kwa nguvu kiasi kwamba jiwe linakuja nayo, iacheni kwa sasa. Chumvi na muda vitailegeza, na kupoteza jiwe ni hasara kubwa kuliko kuvumilia kiraka. Ukuta ukiwa wazi, chumvi iliyo juu iondoeni kwa brashi kavu, mkikusanya unga wake katika gazeti na kuutupa nje. Msiuoshe kwa maji. Maji huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, na wiki ijayo mtaikuta imekwisha kurudi mlangoni. Itapigwa brashi leo, itatoka tena baada ya siku kumi, mtaipiga brashi tena, na hivyo hivyo hadi ipungue.

Kukauka kwa ukuta wa nusu mita huhesabiwa kwa miezi. Ndiyo maana ninawashauri mpange kazi kwa pepo. Bandueni wakati wa kaskazi, mwezi wa Januari, mfungue milango na madirisha na kuuacha upepo huo wa joto ufanye kazi ambayo hamuilipii. Masika yatakapoingia mtakuwa na ukuta mtupu unaoonyesha kila uvujaji, na huo ndio mtihani wa matengenezo yenu ya paa. Mvua zikipungua, kati ya Julai na Septemba, pigeni chokaa. Chokaa iliyopigwa katika joto la kaskazi hukauka kabla haijashika na kupasuka kama udongo wa bwawa lililokauka.

Sasa chokaa yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha kazi na ndipo wengi wanapoharibu. Chokaa hutokana na mawe ya tumbawe yaliyochomwa tanuuni. Jiwe likifikia takriban nyuzi 900 hupoteza hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake, karibu asilimia 44 ya uzito wake, na kubaki jepesi na kali. Likimwagiwa maji huchemka, hupasuka na kuwa unga. Huko ndiko kuzima chokaa. Ikipigwa ukutani, hewa ile ya kaboni huirudia polepole na kuigeuza jiwe tena. Kwa hiyo chokaa haikauki tu, inavuta hewa, na huivuta ikiwa na unyevu kiasi. Mtu anayeiacha ikaukie juani siku ya kwanza ameiua, kwa kuwa itabaki unga uliojishikiza.

Ikiwa mtapata chokaa ya tanuu iliyozimwa vizuri na kulazwa muda mrefu, chukueni hiyo. Msipoipata, chokaa ya mfuko iliyokwisha zimwa inafaa, ila ilowekeni katika pipa, maji yakiifunika kimo cha vidole vinne, kwa muda usiopungua wiki mbili, hadi iwe laini kama samli iliyoganda. Hakikisheni kwamba haikuandikwa kuwa ni ya kilimo. Chokaa ya kilimo kwa kawaida ni jiwe lililosagwa bila kuchomwa. Inafaa shambani na haishiki ukutani hata mkiiombea. Mchanga usiwe wa ufukweni. Chukueni kiganja kimoja, kiwekeni ulimini: mkionja chumvi, rudisheni mzigo kabla punda hajaondoka. Kisha jazeni chupa ya kioo mchanga hadi nusu, ongezeni maji, tikiseni, mziache zitulie hadi kesho. Tope litakalolala juu ya mchanga likiwa nene kama kidole, mchanga huo unahitaji kuoshwa. Maji ya kuchanganyia nayo yawe matamu. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na haina maana kuitoa chumvi ukutani kwa miezi sita na kuirudisha kwa ndoo.

Kwa tabaka la kwanza changanyeni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga wenye chembe kubwa na ndogo, mkiupiga na kuupondaponda kwa koleo bila kuongeza maji ovyo, kwa sababu ulaini unatokana na kupigwa kuliko kutokana na maji. Kabla ya plasta kuna kutomea, kazi ambayo mafundi wa siku hizi huiruka. Mashimo yote ya ukuta hujazwa vipande vya tumbawe vilivyolowekwa, kimoja kimoja, kila kipande kikisukumwa ndani ya chokaa kwa kidole gumba hadi kikae, ili plasta isilazimike kuwa nene mahali popote. Siku moja kabla ya kupiga, uloweshe ukuta. Siku yenyewe uloweshe tena asubuhi, hadi uonekane na giza la unyevu lakini usitiririke. Tabaka lisizidi unene wa sentimita moja. Lirusheni kwa nguvu ya mkono badala ya kulipaka, likwangueni kwa mistari likianza kushika, mlifunike kwa magunia mabichi, na mlinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa wiki moja. Tabaka la pili lisipigwe kabla la kwanza halijawa gumu kiasi cha ukucha kutoliacha alama. La mwisho ni niru, chokaa nyingi na mchanga uliochekechwa kwa kitambaa, nyembamba kama ganda la yai, inayosuguliwa kwa mwiko mdogo au kwa jiwe laini hadi ianze kutoa mng'ao wa utulivu ambao rangi ya dukani haina.

Fundi yeyote atakayewaambia atie saruji kidogo tu ili ishike upesi, mshukuruni na mkatae. Anachokitafuta ni kumaliza leo.

Jambo moja katika tabaka la kwanza mlikubali mapema: katika usawa wa chini huenda likaharibika ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa sababu litanywa chumvi iliyobaki. Hiyo ndiyo kazi yake. Mtalibandua lenyewe, pamoja na chumvi yake, na kulipiga upya kwa gharama ya siku mbili. Chokaa pia inaunguza, nanyi mtakuwa nayo kwa wiki nyingi: vaeni glavu na miwani, pakeni mikono mafuta ya nazi kabla ya kuanza, wekeni ndoo ya maji safi pembeni, na ikiingia jichoni oshweni papo hapo kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha mwende hospitali. Watoto wasikae karibu na pipa la chokaa hata kwa kutazama.

Rangi iwe ya chokaa, nyembamba kama maziwa, mipako minne au mitano juu ya ukuta uliolowanishwa, kila mpako ukisubiri wa jana ukauke. Ikionekana haifuniki, ni kwa sababu bado ni mbichi. Kesho itakuwa nyeupe. Rangi ya mafuta isirudi ndani ya nyumba hiyo, na rangi ya plastiki inayouzwa kwa jina la rangi ya maji isipakwe kwenye kuta hizo.

Boriti ndiyo sehemu ambayo sikubali mfanye peke yenu. Kubonyea kidogo kwa boriti ya miaka mingi si kasoro, kwani mti hujikunja kwa umri na kubaki na nguvu, lakini ile inayomomonyoka imekwisha kuoza mahali inapolala juu ya ukuta, na jirani zake wawili yafaa wapimwe. Chukueni bisibisi na muichome kila boriti karibu na ukuta: penye uzima itasimama baada ya milimita chache, penye uozo itazama. Wekeni alama ya chaki kwa kila iliyozama, kisha muite fundi aliyewahi kubadilisha boriti katika nyumba ya sakafu ya chokaa, mmuulize ni nyumba ipi, na mwende mkaitazame. Yeye ataegemeza sakafu kwa miti juu ya mbao pana, na kubadilisha moja kwa wakati mmoja, au, kwa maoni yangu ni bora, kuingiza mpya kando ya ile mbovu bila kuing'oa, ili sakafu iliyo juu isitikiswe. Katika ununuzi kuweni macho. Miti ya mikoko huuzwa kwa daraja za unene, kuanzia fito, pau, mazio, boriti hadi nguzo. Boriti halisi ina kipenyo cha sentimita 11.5 hadi 13.5, na mazio hakifikii kiasi hicho. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa macho, lakini nguvu ya mti wa duara dhidi ya kupinda hufuata mchemraba wa kipenyo chake, hivyo mti wa sentimita 9 hauna hata nusu ya nguvu ya mti wa sentimita 12. Nendeni na kamba ya kupimia, na mnunue kwa mwenye kibali cha Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, mkihifadhi risiti.

Hapo ndipo ninapofika kwenye tangi, na pia kwenye vigae iwapo mlikuwa na nia ya kuvipandisha juu. Tuseme msana wenu una upana wa mita 2.6, ambao ndio upana boriti inaoumudu, na urefu wa mita 6. Eneo hilo ni mita za mraba 15.6. Mkimwaga zege ya sentimita 5 tu ili kusawazisha sakafu kabla ya vigae, mmeongeza zaidi ya tani moja na nusu juu ya miti ambayo tayari imebeba sakafu nzito ya chokaa na mawe. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na inakaa juu ya mahali pasipozidi mkeka wa kuswalia. Liwekeni chini, kiwandani, juu ya msingi wake, na pampu ndogo ipandishe maji kwenye tangi dogo la lita mia moja lililokaa juu ya ukuta mnene, wala si katikati ya boriti. Ikiwa sakafu ya juu imepasuka, nyufa zijazwe chokaa na vipande vya tumbawe na kupigwa kwa vipande vya mbao hadi zikaze, kama zilivyopigwa mara ya kwanza. Kazi hiyo ni ya watu wengi na huenda vizuri kwa nyimbo, hivyo alikeni ndugu.

Zidaka zilizovunjika msizijaze jipsamu, ambayo huvuta unyevu wa pwani na kulainika. Zisafisheni kwa brashi ya rangi iliyo kavu, zipigeni picha, mchore mapambo yake katika karatasi ingali inaonekana, na mwasubirie mafundi wa plasta ya kuchonga, hazitakimbia. Mlango wa kuchonga usipigwe msasa wa mashine wala vanishi. Waya za umeme za zamani zikaguliwe na fundi mwenye leseni kabla ya plasta, kwa kuwa baada yake mtaanza kutoboa niru yenu wenyewe.

Ruhusa mnaihitaji. Mji Mkongwe wa Lamu ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Mkomani imo ndani ya mipaka yake. Nendeni katika ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya hapa Lamu mkiwa na picha na mchoro wa penseli, muwaeleze mnachotaka kubandua na mnachotaka kurudisha, na muulizie pia kibali cha kaunti. Kwa anayerudisha chokaa mahali pa chokaa mazungumzo hayo huwa mepesi, na mara nyingi hutoka na jina la fundi.

Mgawanyo wa kazi ninauona hivi: kubandua, kupiga brashi, kuloweka chokaa, kuchekecha mchanga, kutomea na kupaka rangi ni zenu, na fundi mlipeni siku tatu za mwanzo za plasta ili awafundishe mkono, kisha endeleeni. Anzeni na ukuta wa stoo. Nimeona ndoa zaidi ya moja ikitikiswa na karai la chokaa lililokauka kwa sababu mmoja alisema lilikuwa tayari na mwingine akasema bado.

Birika msilivunje. Lipo mahali penye maji na mtaro tayari, na kulivunja kutafungua ukuta pale pale unapovuja. Litoeni maji yote, likaushwe, nyufa zijazwe chokaa na kufunikwa kwa niru iliyosuguliwa sana. Likikauka lijazeni maji, myaache siku mbili, myamwage, mrudie mara nne au tano, kwa sababu chokaa mpya huyafanya maji kuwa makali na huua samaki. Baada ya hapo warudisheni wale samaki wadogo ambao bibi yako bila shaka aliwafuga humo ili wale viluwiluwi vya mbu, na pale chini, lilipo lile bakuli la kaure lililojengewa katika sakafu ya birika, fundi asilizibe: ndilo linalobaki na maji kidogo ya kuwahifadhi samaki hao birika linapokauka.